Mkubwa wa Kuolewa, Mtoto wa Kunywa

Sehemu ya Sita

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikufikia likiwa limeshafungiwa karanga, usihangaike. Nitakupa kwa ufupi.

Nina miaka ishirini. Niliolewa nikiwa na kumi na minane, nikaachwa nikiwa na kumi na tisa, na katikati hapo nikamzaa binti yangu tunayemwita Kifaranga. Nina chumba changu, kodi nalipa mwenyewe, na kazi yangu ni kuhudumia wateja kwenye baa. Pale wananiita Kizibo.

Mama yangu hajui. Mama anajua nauza duka la dawa. Kila mchana nikimpelekea Kifaranga amlee, natoka kwake na koti jeupe begani, nikifika kona nalikunja nalisukumia kwenye mkoba. Koti lenyewe ni la mtumba, kifuani limetariziwa jina la daktari wa nchi za mbali. Mama aliwahi kuniuliza jina hilo ni la nani. Nikamwambia ndiye mwenye kampuni.

Tuliishia pale ilipotangazwa kwamba umri wa kunywa pombe upande kutoka miaka kumi na minane hadi ishirini na mmoja. Na si kunywa tu, hata kuuza na kuhudumia. Maana yake mimi chupa nisiiguse hata kuipangusa vumbi.

Bila kazi hiyo, chumba sina. Bila chumba, Kifaranga sina. Baba yake alishatamka mbele ya wazee wa pande zote mbili: siku nikishindwa kumtunza, anamchukua.

Baba yake ni Fundi Makochi. Wapya mumjue: anatengeneza makochi yanayosifiwa mtaa mzima, na ukoo wetu wote unamsifu kwamba hanywi. Kila aendapo ana chupa yake ya chai mkononi. Watu wanaiona ile chupa, wanamwita mtu wa adabu. Mimi niliyelala naye kitanda kimoja najua alichokuwa anatia ndani yake, na hakikuwa na majani wala sukari. Siku niliyoimwaga kwenye karo, ndoa iliishia palepale jikoni. Nikisema, naambiwa mwanamke aliyeachwa hakosi la kusema.

Haya, twende.

* * *

Asubuhi ya kikao cha kukusanya maoni ya wananchi juu ya sheria hiyo, bosi wangu Mama Kaunta alifunga baa, akatupanga mstari kama watoto wa shule, akagawa fulana. Nyekundu. Kifuani zimeandikwa kwa herufi kubwa: MIAKA 18 NI MTU MZIMA.

"Mama Kaunta, mimi siendi," nikasema. "Mama yangu atakuwa kule."

"Mama yako wa duka la dawa?"

"Sina mwingine."

"Kizibo, sheria ikipita, mimi nitabaki na baa yangu. Wahudumu wa miaka thelathini wamejaa mji mzima. Atakayetoka ni wewe. Sasa unataka wakuamulie ukiwa umejificha uvunguni?"

Nikaivaa. Juu yake nikajifunga mtandio mpaka shingoni. Jua lilikuwa kali na wenzangu wakanicheka njia nzima.

Ukumbi ulikuwa umefurika. Viti vya plastiki, feni moja inazunguka na moja imegoma, kipaza sauti kinapiga kelele kila kikishikwa. Tukakaa nyuma kabisa, mimi nikajibanza nyuma ya mgongo wa mpishi wetu, ambao Mungu aliubariki kwa upana.

Mbele, kiti cha kwanza, alikuwepo mama. Pembeni yake mdogo wangu wa kiume, magongo yake mawili yamelala mapajani. Na juu ya paja la mama, amevaa gauni nililomfulia jana, Kifaranga.

Nusura nitoke mbio. Jirani anayebaki naye siku mama akiwa na shughuli hakupatikana, kumbe, kwa hiyo mama kamleta.

"Mheshimiwa," mama akaanza kumwambia mwenyekiti wa kikao. Yeye ndiye msemaji wa Umoja wa Wazazi, na hasomi karatasi. "Mimi ni mama wa huyu hapa. Alikuwa na miaka kumi na saba. Alikunywa, akapanda pikipiki, na mguu wameukata chini ya goti. Nasikia mnasema mtu wa kumi na minane ni mtu mzima. Sawa. Huyo mtu mzima wenu bado anakaa darasa moja na watoto. Akinunua yeye kihalali, wanakunywa kumi nyuma ya choo cha shule. Wekeni ishirini na mmoja. Awe ameshaondoka shuleni, hao wadogo wakose wa kumtuma."

Makofi yakalipuka. Hata mikono yangu ilitaka kupiga, nikaikalia.

Mteja wetu mmoja, fundi viatu, akasimama bila kuitwa. "Mheshimiwa, wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe!"

"Wangu alipewa," mama akamjibu. "Njoo umtazame mguu."

Fundi viatu akakaa. Mama akageuka, akautazama ule upande wetu wa fulana nyekundu, safu kwa safu.

"Na mimi nataka kumjua aliyempa mwanangu. Mpaka leo hajamtaja. Najua ametoka kwenu ninyi wa baa. Ipo siku nitamjua."

Msomaji, nitakuambia wewe, kwa sababu mama sikuweza kumwambia.

Mdogo wangu alikuja kweli pale baa siku ile, na wenzake watatu. Watoto wote siku hizi wamekariri mwaka wa uongo wa kuzaliwa, kwa hiyo mimi siulizi huo. Nauliza mwaka waliomaliza shule ya msingi, na nauliza huku napangusa meza, kama mtu anayepiga soga. Hapo hesabu zinawapotea. Wenzake zikawapotea. Yeye sikuwa na haja ya kumuuliza, tulikuwa tunaogeshwa beseni moja. Nilimshika shati, nikamvuta mpaka barabarani, wenzake wanacheka. Nilimfukuza, na kesho akija nitamfukuza tena.

Akaenda kwenye karakana ya shemeji yake. Huko akamiminiwa kwenye kikombe, kutoka kwenye chupa ya chai. Vikombe viwili. Halafu shemeji akamtuma akalete kitambaa cha makochi, akampa na funguo za pikipiki.

Haya aliniambia mwenyewe hospitalini, kisha akaniapisha nisimwambie mtu. Kwa nini? Kwa sababu Fundi Makochi amemwahidi mguu wa bandia. Mtoto wa kiume wa umri ule, usiku analala anaota anacheza mpira, unamwambia nini? Nikaapa. Basi nilikuwa nimekaa nyuma ya mgongo wa mpishi, mama yangu anamtafuta mkosaji kwenye safu zetu, na jibu lake nimelibana kooni.

Ndipo Kifaranga alipoteremka kwenye paja.

Ana mwaka na nusu. Maneno anayoyajua ni machache, na moja ni jina langu. Alitembea katikati ya viti, ameshika magoti ya watu mmoja baada ya mwingine, watu wanatabasamu. Akaufikia mgongo wa mpishi. Akauzunguka.

"Mama!"

Nikamwekea kidole mdomoni. Akadhani ni mchezo.

"Mama! Mama! Mama!"

Akauvuta mtandio wangu kwa mikono miwili. Ukateleza wote. Ukumbi mzima ukageuka, na mama yangu akageuka nao, akaisoma fulana yangu kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho.

Siku za mwizi ni arobaini. Zangu ziliishia pale, mchana kweupe.

"Wewe binti wa nyuma," mheshimiwa akasema kwa upole, maana hakujua kilichotokea. "Unataka kuchangia?"

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kumchukua mwanangu na kutokea mlango wa pembeni. Lakini nilikuwa nimeshaaibika, na aibu ikishamwagika huwezi kuizoa. Nikambeba Kifaranga kiunoni, nikaenda mbele.

"Jina?"

"Kizibo."

Vicheko.

"Umri?"

"Inategemea, mheshimiwa. Kwa ndoa, mtu mzima. Kwa kura, mtu mzima. Kwa mwenye nyumba wangu, mtu mzima, hajawahi kunipunguzia kodi hata siku moja kwa ajili ya utoto. Kwa hii sheria yenu mpya, mtoto. Uandike upi?"

"Binti, jibu swali."

"Ishirini."

"Unataka kutuambia nini?"

Kipaza sauti kikapiga kelele. Nikakisubiri kinyamaze.

"Nataka mniambie nilikua lini. Nikiwa na kumi na minane alikuja mtu kuniposa. Nikasema bado. Nikaambiwa umeshakua. Hakuna kikao kilichoitwa siku hiyo. Hakuna aliyeleta viti vya plastiki kuulizana kama kichwa changu kimekomaa. Nilipelekwa kwa vigelegele, na aliyepiga kirefu kuliko wote amekaa pale mbele."

Sikumtazama. Naongopa, nilimtazama. Mama alikuwa ameinua kidevu, kama anavyofanya akichomwa sindano.

"Nikazaa, mkasema nimekua. Nikaachwa, mkasema nimekua, nijitegemee. Nimejitegemea. Sasa mnataka kuniambia kwamba kumnyonyesha mtoto naruhusiwa, lakini chupa ya bia ni mzigo mzito kwangu? Mimi sinywi, mheshimiwa. Harufu tu inanitosha. Lakini nikitaka kunywa, nataka nizuiwe na akili yangu."

Wenzangu wakagonga viti. Mama Kaunta alikuwa amesimama juu ya chake.

"Na huyo kijana wa mguu," nikaendelea, "alikuwa na kumi na saba. Sheria iliyopo ilimkataza. Mkiipandisha, itamkataza mara ya pili? Baa ilimfukuza. Nilimfukuza mimi kwa mkono huu. Alikokwenda kunywa hakuna kaunta wala leseni, na sheria yenu hata iwe ya miaka hamsini haitapiga hodi huko."

"Ni wapi huko?" mheshimiwa akauliza.

Nikamtazama mdogo wangu. Alitikisa kichwa, kidogo sana, na macho yake yamejaa maji.

"Sijaja kumtaja mtu," nikasema.

Mama akasimama. Hakusubiri kipaza sauti.

"Mheshimiwa, naomba nimjibu mwanangu."

"Mwanao?"

"Mwanangu. Anayeuza dawa."

Ukumbi ukacheka mpaka feni iliyogoma ikaonekana inatikisika. Mama hakucheka.

"Anasema nilipiga kigelegele. Nilipiga. Nilimwona amepanda kimo kunishinda, nikasema amekua, na huyo bwana alikuwa na kazi yake. Nilikosea. Wa kumi na minane si mkubwa wa kuolewa, na si mkubwa wa kunywa. Nimekosea kwa huyu, nikakosea kwa mdogo wake. Ndiyo maana nataka sheria. Nataka sheria inizuie hata mimi."

Hakuna aliyepiga makofi. Hata wa kwake.

Nitasema ukweli. Kwa miaka miwili nilikuwa nikiyasubiri maneno hayo. Usiku mwingi nilikuwa nikijiambia, siku mama atakaposema nilikosea, nitaanguka miguuni pake nilie. Sasa ameyasema, na nilichosikia ni hasira iliyonipanda kutoka kwenye nyayo.

"Mama, hayo ungeniambia nyumbani, tukiwa wawili. Umeniomba radhi kwenye mkutano, na hapohapo unaniachisha kazi. Kosa ni lako, adhabu unanipa mimi!"

"Nakuokoa."

"Uniokoe nini? Ulipotakiwa kuniokoa ulikuwa unapiga kigelegele."

Mheshimiwa akagonga meza. Kikao kikavunjika kwa mapumziko, na sauti zikawa mia.

Wenzangu walinizunguka. Mmoja ananibusu, mwingine ananipepea kwa mtandio wangu mwenyewe. Mama Kaunta akaniambia kuanzia leo fulana hii naivaa kila siku. Kifaranga aliwachoka, akawa analia, na nikasikia mtu nyuma yangu akisema, "Nipe nimbembeleze." Nikampa. Sikugeuka. Sauti nilikuwa nimeizoea tangu nilipozaliwa, na mikono ikaitii kabla kichwa hakijafika.

Nilipogeuka, viti vya mbele vilikuwa vitupu.

* * *

Nilikwenda mbio mpaka kwa mama, fulana imeloa mgongoni. Majirani waliokuwa wanaanika nguo walinisalimia, sikuitika.

Mlangoni kulikuwa na viatu vya kiume. Vyeusi, kisigino cha kushoto kimelika upande mmoja. Nilivipiga rangi mwaka mzima, sikuhitaji kuuliza ni vya nani.

Nikasukuma mlango bila hodi.

Fundi Makochi alikuwa amekaa kwenye kochi alilomtengenezea mama kama zawadi ya ukwe. Kifaranga yupo pajani pake, anatafuna biskuti. Miguuni pake kuna mfuko wa nguo za mtoto, umeshafungwa. Mdogo wangu amekaa kwenye kigoda kule pembeni, anatazama sakafu.

"Nimempigia simu mimi," mama akasema. Alikuwa amesimama, bado na mkoba wake wa kikaoni kwapani. "Mtoto halelewi kwa pesa ya pombe. Baba yake angalau hanywi na hauzi."

"Mama, sheria yako haijapita. Mpaka leo hii mimi ni mtu mzima, na huyo ni mwanangu."

"Mtu mzima hamdanganyi mama yake kwa koti la mtumba."

Hilo lilinipata. Nikaliacha lipite.

"Tusizozane mbele ya mtoto," Fundi Makochi akasema. Sauti yake ni laini siku zote. Ndiyo iliyonioa. "Mimi sina ugomvi na mtu. Kule kwetu kuna bibi yake, kuna shangazi zake, maziwa yapo. Wewe endelea na kazi yako, ukitaka kumwona utakuja."

"Nitakuja lini? Nikifikisha ishirini na mmoja?"

"Mama mkwe ameshaamua."

Akasimama. Mtoto mkono mmoja, mfuko mkono wa pili. Kifaranga akaninyooshea biskuti yake iliyolowa, ananikaribisha.

Nikarudi nyuma hatua moja mpaka mlangoni. Nikaegemeza mkono huu kwenye mwimo huu, na ule kwenye ule.

"Mpishe," mama akasema.

"Sipishi."

"Nimekuzaa mimi. Nasema mpishe!"

"Na huyo nimemzaa mimi. Mama, leo umesimama mbele ya watu ukasema ulikosea kunipa kwa huyu. Hata saa hazijapita nyingi, unampa na mjukuu wako?"

Nikaona mkoba unamteleza mama kwapani na hauoni.

"Mama," nikasema, "ulitaka kujua nani aliyempa..."

"Dada!" Mdogo wangu alisimama kwa ghafla, gongo moja likaanguka. "Dada, usiseme. Uliapa."

Mama akamgeukia polepole.

"Asiseme nini?"

Mdogo wangu alishika ukuta. Alimtazama shemeji yake, akatazama pale suruali yake ilipokunjwa na kubanwa pini chini ya goti, akamtazama Kifaranga.

"Alinifukuza, mama. Dada anasema kweli. Nilikwenda pale baa na wenzangu, akanivuta shati mpaka barabarani. Sikunywa pale hata tone."

"Kwa hiyo ulinywea wapi?"

Akainamisha kichwa. Mimi nikakaza mikono mlangoni.

"Nakuuliza, mwanangu. Ulinywea wapi? Nani alikumiminia?"

Hakuna aliyemtaja mtu. Lakini Fundi Makochi alimtua mwanangu sakafuni, taratibu, kama anavyotua kochi jipya kwa mteja. Mfuko wa nguo akauacha. Akasema amekumbuka kuna mtu anamsubiri karakana, akaanza kutafuta viatu vyake kwa macho.

Viatu vilikuwa mlangoni, na mlangoni nimesimama mimi.